Maswali ya Wasomaji: Tumefika Kileleni, Mandhari Iko Wapi?

Barua nyingi safari hii zinahusu vilima vyenye misitu: si milima mirefu ya barafu, ni ile ya kupanda asubuhi na kurudi jioni. Watu huidharau kwa sababu haina sifa, kisha inawatoa jasho. Tumejibu maswali yaliyojirudia zaidi.

Tulipanda hadi pale ramani inapoonyesha namba kubwa kuliko zote. Tukakuta jiwe la alama, na miti pande zote nne. Hatukuona hata bonde. Tulikosea wapi?

Njia hamkukosea. Mlikosea kudhani kwamba penye kimo ndipo penye mandhari, na msituni vitu hivyo viwili mara nyingi havikai pamoja. Kilele cha kilima cha msitu kwa kawaida ni bapa au cha mviringo na kina udongo, na penye udongo miti husimama. Kinachoyafungulia macho njia ni ardhi kuporomoka mbele yako kwa kasi inayoshinda urefu wa miti.

Pigeni hesabu hii. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 juu ya ardhi. Mita 50 mbele yake kuna mti wa mita 25. Ili aone juu ya mti huo, shina lake lazima liwe chini ya nyayo zake kwa zaidi ya mita 23.4. Huo ni mteremko wa nyuzi 25 hivi, mkali wa kumfanya mtu apande ameinama. Na hapo mti uko mbali: ukiwa mita 10 tu kutoka ulipo, mteremko hautoshi tena, unahitaji genge. Ndiyo maana sehemu nzuri za kutazama msituni ni chache na zinafanana: ukingo wa genge, jabali tupu lisilo na udongo wa kuotesha kitu, uwanda uliofyekwa, au mnara uliojengwa makusudi.

Kwenye ramani ya kipimio cha 1:50,000 yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, za kila mita 20, milimita moja ni mita 50 za ardhini. Basi msitafute namba kubwa. Tafuteni mahali ambapo kontua zimesongamana hadi nafasi kati yake ni chini ya milimita moja, tena ziwe kandokando ya mgongo wa mlima au kwenye pua yake, pale mgongo unapoishia juu ya bonde. Mara nyingi pua hiyo iko chini ya kilele kwa makumi ya mita, na ndiyo yenye macho. Upande ambao kontua zimesongamana ndio upande mtakaoona. Kama mna picha ya angani, jabali huonekana kama doa la kijivu lisilo na chembechembe za vichwa vya miti.

Jingine la kusoma hapohapo: kontua zikiwa zimebanana chini na kuachana juu, mteremko umebinuka kama mgongo wa kobe. Hapo mtafika mara mbili tatu mahali panapoonekana kama mwisho, kumbe si mwisho, na mkifika juu hamtaona chini ya kilima hata miti ikikatwa yote. Kontua zikibanana juu na kuachana chini, ni kinyume chake: kupanda kwa mwisho ni kugumu, lakini bonde lote liko miguuni.

Kibao kilisema kilomita 8 kwenda na kurudi. Tulikadiria saa mbili, tukatumia zaidi ya nne, na sisi si wagonjwa. Kibao kilidanganya?

Kibao kilisema kweli kuhusu urefu, kikanyamaza kuhusu mwinuko. Kilomita za kilimani hazihesabiki kama za barabarani.

Kanuni inayotumika mpaka leo ni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya sasa, wapandaji huihesabu kama kilomita 5 kwa saa, kisha dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda.

Kwanza pateni mwinuko. Fuateni njia kwenye ramani kwa ncha ya penseli na kuhesabu kila kontua mnayoivuka mkipanda. Tuseme ni 27; mara mita 20, ni mita 540. Wengi hukosea kwa kutoa kimo cha chini kwenye kimo cha juu na kuishia hapo. Kama njia inashuka kwenye tandiko kati ya vilima viwili kwa mita 60 kisha inapanda tena, mita hizo 60 zinahesabiwa, na wakati wa kurudi zitawasubiri tena upande wa pili.

Sasa: kilomita 8 gawanya kwa 5 ni saa 1 na dakika 36. Mita 540 ni dakika 54. Jumla, muda wa saa mbili na nusu. Lakini Naismith alikuwa na maana ya mtu mwenye nguvu, kwenye ardhi nzuri, bila kusimama. Njia ya msituni ina mizizi, matope, magogo ya kuruka na majani yanayoficha mashimo. Sisi huzidisha kwa moja na nusu, na hatujawahi kujuta. Hapo ni saa 3 na dakika 45. Ongezeni dakika 20 za kukaa juu na vipumziko viwili vya dakika 10, mnapata saa 4 na dakika 25. Bila shaka ndizo mlizotumia.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Eric Langmuir, mpanda milima mwingine, aliirekebisha kanuni hiyo ya Naismith hivi: kwenye mteremko wa nyuzi 5 hadi 12 punguza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka; ukizidi nyuzi 12, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300. Ongezo hilo lichukueni. Punguzo liacheni, hasa kama mvua imenyesha.

Kisha wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na iandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Kama jua linazama saa kumi na mbili na nusu jioni, kushuka kunachukua saa mbili, na mnataka saa moja ya akiba, basi saa tisa na nusu alasiri mnageuka, hata kama kilele kiko dakika 15 mbele. Karibu na ikweta giza huja upesi, kiasi cha dakika 20 baada ya jua kuzama; na chini ya miti minene linatangulia. Tochi ya kichwani iwe begini hata kwa safari ya asubuhi. Ile ya simu inakula chaji mtakayoihitaji kupigia, na inawanyang'anya mkono mmoja.

Simu yangu ilihesabu kilomita 11 na kupanda mita 780. Ya mwenzangu, njia ileile, kilomita 9.6 na mita 560. Tuamini ipi?

Hakuna. Lakini ya mwenzako ina dalili ya kuwa karibu na ukweli.

Kipokezi cha GPS hupima kwa mawimbi yanayotoka kwa satelaiti. Chini ya mwavuli wa miti iliyolowa, au ubavuni mwa genge, mawimbi hudhoofika na mengine hufika baada ya kugonga mwamba, hivyo alama inarukaruka mita kadhaa huku na huku, wakati mwingine makumi ya mita. Simu inaunganisha alama hizo kwa mstari. Wewe umetembea moja kwa moja, mstari umetembea kama mlevi, na kila kuyumba kunaongezwa kwenye kilomita zako. Ukisimama kunywa maji bila kuzuia kurekodi, bado unaendelea “kutembea”.

Upande wa kimo ni vibaya zaidi, kwa sababu kosa la GPS la juu-chini kwa kawaida ni kubwa kuliko la kando. Kila kuruka kwenda juu kunahesabiwa kama kupanda. Programu moja inalainisha namba hizo, nyingine haizilainishi, na hapo ndipo tofauti ya mita 220 inapotoka. Kontua za ramani ziaminini kuliko zote mbili.

Kuna lingine linalowachanganya watu kileleni, pale jiwe la alama linaposema kimo kimoja na simu kingine. Satelaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, wala si kutoka usawa wa bahari. Tofauti ya viwili hivyo, sehemu nyingine za dunia, inafika karibu mita 100. Programu nzuri hurekebisha, baadhi hazifanyi hivyo.

Saa zenye kipimahewa hupima kimo kwa shinikizo la hewa: hektopaskali 1 ikipungua, saa inadhani umepanda kama mita 8. Irekebisheni mwanzo wa njia, mahali mnapojua kimo chake. Na ikiwa mmekaa palepale muda mrefu halafu saa inasema mmepanda mita 40, hamjapanda. Shinikizo limeshuka kwa hektopaskali 5 hivi, na hali ya hewa inabadilika. Fungeni mabegi.

Ni saa ngapi hasa ya kuona mbali? Mara mbili tumepanda alfajiri tukakuta ukungu mtupu.

Inategemea ukungu wenyewe ni wa aina gani. Usiku wa anga safi usio na upepo, ardhi hupoa, hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na mvuke wake unageuka ukungu. Huo uko chini yenu. Mkiwa juu yake, mtaona vilele vingine vimechomoza kama visiwa, na kwa kawaida jua huutawanya saa chache baada ya kuchomoza. Mkiukuta huo, kaeni mngoje. Hiyo ni zawadi.

Aina ya pili ni wingu lenyewe limekaa juu ya kilima. Upepo wenye unyevu unasukumwa kupanda mteremko, unapoa, unakuwa wingu papo hapo, na maadamu upepo unavuma wingu jipya linatengenezwa kila dakika. Hilo mnaweza kulingoja hadi jioni. Namna ya kuzitambua: ukungu wa bondeni umetulia, wingu la mlimani linatembea na kuwapiga usoni. Katika hali hiyo shukeni mita 100 au 200 mtafute jabali la chini; mara nyingi chini ya wingu kuna mandhari safi kabisa.

Mchana nao una yake. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda na mawingu huanza kujikusanya juu ya vilele. Kwa hiyo kati ya kutoweka kwa ukungu wa bonde na kuanza kwa mawingu ya mchana kuna dirisha, mara nyingi katikati ya asubuhi. Mvua ikinyesha na kukatika, msikae nyumbani: imeosha vumbi na moshi hewani, na saa chache zinazofuata ndizo za kuona mbali kuliko siku zote.

Umbali wenyewe unahesabika. Chukua kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita juu ya tambarare iliyo mbele, zidisha kwa 3.57, unapata kilomita za upeo wa macho. Mita 400 juu ya tambarare: kipeuo ni 20, upeo ni kilomita 71. Ila hewa yenye vumbi haitakupa hata nusu yake. Na jua liwe mgongoni. Ukitazama kulielekea, matuta yote yanageuka kivuli kimoja cha samawati.

Kupanda siogopi. Kushuka ndiko kunaniangusha, na magoti yanauma siku mbili.

Uko sahihi kuogopa kushuka. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ikijikunja. Unapokuja chini inafanya kazi ya breki huku ikinyoshwa, na hiyo ndiyo inayoiumiza. Maumivu ya namna hiyo hukomaa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Goti likivimba, au likiuma kwa kuchoma upande mmoja, hilo si la misuli, muone daktari.

Kuhusu kuanguka, angalia unakanyaga nini. Mzizi uliolowa na uliolala kukata njia ni utelezi kama sabuni, kwa sababu gamba lake limesuguliwa na viatu vya watu na lina ute wa kuvu. Usiukanyage, uruke, uweke nyayo kwenye udongo mbele yake. Kama huna budi, kanyaga kwa wayo mzima, wala usisukumie mguu hapo. Majani makavu juu ya majani mabichi huteleza yakiwa pamoja kama mkeka. Mbao za madaraja madogo zenye rangi ya kijani zina mwani, tembea juu ya misumari, pale ambapo chini kuna boriti.

Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe juu ya mguu wa mbele. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomtanguliza kisigino mpaka akaketi. Fimbo mbili husaidia sana: kwenye tambarare kiwiko kiwe nyuzi 90, kwa kupanda punguza sentimita 5 hadi 10, kwa kushuka ongeza kiasi hichohicho. Usivae vitanzi vya fimbo mkononi penye mizizi mingi, maana ncha ikinasa, mkono nao unanasa.

Kabla ya kuanza kushuka fungua kamba za viatu, piga kisigino chini hadi kikae nyuma kabisa, kisha kaza hasa kwenye kifundo. Kucha nyeusi za wapanda vilima zinatokana na kamba iliyolegea na kucha ndefu, si kiatu kibovu.

Nimefundishwa kwamba ukipotea ufuate maji, yatakufikisha kwa watu. Ni kweli?

Katika tambarare labda. Kwenye vilima vya msitu ni ushauri wa kuvunja miguu. Maji hayatafuti njia nzuri, yanatafuta njia fupi ya kwenda chini: yanapita kwenye korongo, mawe yenye ukoga, vichaka vinene, kisha maporomoko. Ukishafika juu ya maporomoko, umechoka, na kurudi juu ni kazi maradufu. Sauti ya maji pia inameza sauti ya wanaokuita.

Ukigundua njia imepotea, simama. Kaa chini, kunywa maji, jiulize ni wapi mara ya mwisho ulikuwa na uhakika, na ni dakika ngapi zimepita. Kama unaweza kurudi hapo kwa nyayo zako mwenyewe, rudi. Kama huwezi, bakia ulipo penye uwazi na vaa nguo zote. Jaribu ujumbe mfupi kabla ya kupiga simu. Ujumbe hupenya kwa mtandao dhaifu ambao hauwezi kushika maongezi. Filimbi ni bora kuliko koo: kwa ishara inayotumika milima ya Alps, pulizia mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu hupuliza mara 3.

Kinga ni rahisi mno hata watu huiona ya kitoto. Kila njia panda, geuka utazame ulikotoka, upige picha ya upande huo. Njia wakati wa kurudi haina sura uliyoiona wakati wa kwenda, na wengi hupotea kwenye njia panda waliyoipita bila kuiona, kwa kuwa ilikuwa nyuma ya bega.

Ngurumo zikitukuta juu ya jabali?

Ondokeni bila kumaliza picha. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na mlio, gawanyeni kwa tatu, mnapata kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10, na tayari ni karibu mno. Shukeni kutoka mgongoni, mbali na mnara, uzio wa chuma na mti uliosimama peke yake. Afadhali ndani ya msitu, katikati ya miti mifupi iliyolingana, bila kuegemea shina, na msikae mmekumbatiana. Msirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Maji lita ngapi kwa mtu?

Nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na zaidi kidogo kwenye joto. Kwa safari ile ya saa nne na nusu, ni lita 2 na robo, yaani kilo 2 na robo begani. Msinywe lita nzima kwa mkupuo ili “kujaza tangi”. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi huipunguza chumvi ya damu, na mtu huanza kichefuchefu na kuchanganyikiwa akidhaniwa ana kiu.

Nilirudi na kupe amening'inia nyuma ya goti. Nilimpaka mafuta, hakutoka. Wengine wananiambia nimchome na kiberiti.

Mafuta wala moto havifai. Kupe aliyesumbuliwa anaweza kutema aliyonayo kwenye kidonda kabla ya kuachia, na kama ana vijidudu ndivyo vinavyoingia. Tumia kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kwenye mdomo, karibu kabisa na ngozi, usimminye tumbo. Vuta moja kwa moja kwenda juu kwa nguvu ileile bila kuzungusha. Ngozi itavutika kama hema, endelea hadi aachie. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, usichimbe, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Osha kwa sabuni na maji, kisha andika tarehe. Ukipata homa au wekundu unaosambaa katika wiki zinazofuata, nenda hospitali ukataje tarehe hiyo. Na usiishie kwenye goti: angalia kwapani, kiunoni chini ya mkanda, nyuma ya masikio na kwenye nywele, siku hiyohiyo kabla ya kulala.